Theluji ya Kok-Bel

Tokmok, 11 Mei 1994

Dada Urkuya,

Salamu nakupa kwa sababu baba alitufundisha kusalimia hata tunaotamani kuwapiga makofi. Hujambo? Shemeji Sadyr kifua chake kinaendeleaje? Sisi wazima. Kiwanda kimefungwa tangu Januari, nashonea watu magodoro nyumbani. Nurzat ametimiza miaka kumi na saba, ananipita kwa kichwa kizima, na bado haongei zaidi ya maneno kumi kwa siku.

Salamu zimeisha. Sasa nijibu.

Tangu tarehe mosi mvua inanyesha juu ya mtaa wetu. Sisemi Tokmok, nasema mtaa wetu. Ukivuka barabara watu wameanika mablanketi, watoto wanacheza vumbini. Huku kwetu maji yameingia chini ya sakafu na ukuta wa jikoni umeota ukungu. Jirani yangu Galina ananiuliza, "Asylkan, mmemfanya nini Mungu nyumba namba tisa?" Nimwambie nini? Nimwambie nina dada milimani ambaye akikasirika hunitumia mawingu?

Baba alikupa wewe kufungua mvua na theluji, mimi akanipa kufunga. Ulipofungua ovyo, nilifunga, tangu nikiwa na miaka saba, na asante yako sijawahi kuiona. Lakini siku ile naondoka nilikwambia uso kwa uso: sitafunga tena kitu ulichofungua wewe. Maneno yangu ni yale yale. Usikae huko ukisubiri nichoke nifunge. Ita mvua yako irudi.

Mume wangu Duyshon ulishaniulia. Sasa umebakiza nini, paa la nyumba?

Asylkan


Kara-Jylga, 3 Juni 1994

Mdogo wangu Asylkan,

Barua yako imelala Naryn wiki mbili kwa sababu basi halina dizeli. Imeletwa juzi na mnunuzi wa ngozi, ikiwa inanuka ngozi. Nimekusalimu. Sadyr anakohoa lakini anatukana vizuri kuliko mwaka jana, kwa hiyo naona anapona. Farasi jike mweupe kazaa. Tulipoteza kondoo kumi na wawili, si kwa baridi, kwa njaa. Majani ya malisho ya juu yamekauka kabla hayajafika urefu wa vidole.

Umeelewa nilichokuambia? Yamekauka. Ningekuwa na mvua ya kutuma, ningeitumia hapa mlangoni kwangu, nisingeisafirisha hadi Tokmok kulowesha magodoro yako.

Sijafungua hata tone tangu uondoke. Nifungue nani afunge? Mwaka ule baba alipougua wewe ukiwa chuoni nilifungua peke yangu, tukapoteza daraja na nyumba tatu. Unakumbuka, maana ulirudi ukanicheka. Umeondoka ukaniacha na mlango usio na komeo. Watu wa bonde walikuwa wanakuja na mbuzi na heshima. Siku hizi wananiita Mama Ukame, na watoto wao wananiita hivyo nikiwa nasikia. Hilo umelifanya wewe na yule mwalimu wako Duyshon, Mungu amrehemu, sitaki kumsema vibaya marehemu, lakini alikuja kukuoa akakuchukua pamoja na hali yetu ya hewa.

Mvua hiyo si yangu. Naapa kwa kaburi la baba.

Sasa nijibu wewe. Tarehe mosi, kabla haijaanza, palitokea nini ndani ya nyumba yako? Nani alikuwepo? Nurzat alikuwa wapi? Anakula? Analala?

Urkuya


Tokmok, 21 Juni 1994

Dada,

Wazima wote. Mimi nimelala siku tatu na homa ya kulala kwenye unyevu, asante kwa kuuliza.

Unaapa kwa kaburi la baba! Wafunguzi wa ukoo wetu wa Beyshe wamebaki wangapi duniani? Mmoja. Sasa mvua imejifungua yenyewe? Na usimtaje Nurzat. Ulipompokea kutoka kwenye lori lile akiwa kama gogo la barafu, ukamfunika koti lako, ulidhani umelipa? Tangu siku ile akisikia jina lako anatoka chumbani. Ndivyo mwanangu anavyokupenda.

Unataka kujua palitokea nini tarehe mosi? Nitakwambia, na ninafurahi kukwambia. Walikuja wageni, wenzangu wa kiwandani. Tukala, tukaimba kidogo, halafu mmoja akaniuliza Duyshon alikufaje. Nikasema kama ninavyosema kila mara, kila mwaka, kwa kila anayeuliza: tulikuwa tunahama, anga lilikuwa safi kama sahani, na juu kwenye kipito cha milimani cha Kok-Bel mtu akatufungulia theluji kwa makusudi. Nikasema, aliyefungua theluji ile mikono yake ikauke, asipate kaburi la kulala, na nikimwona anazama sitampa kidole. Wote wakaitikia amina. Nurzat alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini polepole, akatoka nje bila viatu.

Umesikia? Hivyo ndivyo unavyosemwa nyumbani kwangu.

Asylkan


Kara-Jylga, 16 Julai 1994

Asylkan,

Leo sina salamu. Sadyr akinisomea barua yako alifika kwenye birika akakunja karatasi akatoka kwenda kwa farasi, na yule mzee si mtu wa kutoka kwa maneno.

Nakuomba, na unajua mimi si mwombaji. Usiseme tena maneno yale mbele ya mtoto. Nilaani mimi kwa jina. Sema, "Urkuya aliua mume wangu, Urkuya mikono yake ikauke." Nitakuwa mzima, nimeshazoea. Lakini usiseme "aliyefungua." Taja jina langu au nyamaza.

Usiniulize kwa nini. Niliapa, na niliyemwapia bado yu hai. Miaka mitano nimetemewa mate sokoni At-Bashy na ndugu za Duyshon na sijafungua mdomo, kwa hiyo leo sitaufungua kwa ajili ya hasira yako.

Mkalishe mtoto karibu. Mshonee kitu. Msuke nywele. Kama hujui kuongea naye, nyamaza karibu yake.

Dada yako


Tokmok, 8 Agosti 1994

Urkuya,

Uliapa kwa nani? Kuna nini kati yako na mwanangu ambacho mimi niliyemzaa sikijui? Unanifundisha kusuka nywele za binti yangu mwenyewe, wewe usiyezaa!

Hilo la mwisho nilitaka kulifuta. Nimeliacha, ujue nilipofikia.

Niliificha barua yako ndani ya mto. Nurzat akaipata. Jana narudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa kitandani na karatasi mapajani, analia, na dirishani mvua imegeuka mawe ya barafu. Mawe, Urkuya, mwezi wa nane, makubwa kama mayai ya njiwa, juu ya nyumba namba tisa peke yake. Nikasema, "Mama mkubwa wako ana maana gani?" Nikamshika mabega nikamtikisa. Nikapiga kelele, "Umeapiwa nini? Sema!" Akanitazama akasema, "Mama, mikono yangu haijakauka. Nimesubiri sana, haikauki."

Mimi nikamwambia, unasema upuuzi gani. Ndilo jibu nililompa. Nikaenda kuweka ndoo chini ya paa.

Leo asubuhi hayupo. Kachukua koti la baba yake na mkate. Nje jua linawaka, mtaa mzima watu wako nje wanashangilia.

Kama amekuja kwako nijulishe. Kama hajaja, mwambie Sadyr apande farasi. Barua hii nampa dereva wa lori la makaa mkononi, nimempa na kitambaa changu cha hariri ili asiisahau mfukoni.

Asylkan


Kara-Jylga, 27 Agosti 1994

Mdogo wangu,

Amefika. Yu mzima. Alitembea kutoka darajani, miguu ina malengelenge, amekula mabakuli matatu ya tambi na kulala siku moja na nusu. Sadyr amemkabidhi mtoto wa farasi jike mweupe, na wote wawili wanakimbiana bondeni kama vichaa. Na bondeni, Asylkan, kunanyesha. Mvua nyepesi, ya majani. Watu wanasimama nje na midomo wazi. Yule mama aliyeanzisha jina la Mama Ukame kaniletea siagi. Nimeichukua, sikumwambia karibu.

Mwenyewe ameniruhusu. Kasema, "Mama mkubwa, andika wewe, mimi siwezi." Basi nakuandikia.

Oktoba ile asubuhi mlipopakia lori, Nurzat alishika nguzo ya kufungia farasi, hakutaka kuachia. Duyshon akambandua vidole kimoja kimoja huku akimtania. Mlipoondoka, viganja vyangu vikawa barafu. Mfunguzi hujua mfunguzi mwenzake akifungua. Wewe hukupewa kulijua hilo. Nilijua papo hapo ni nani. Nikakimbia nyuma ya lori nikipiga kelele, na wewe ulinitazama kwenye kioo ukageuza uso. Nilidhani hukusikia. Sasa sijui.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitaka lori lirudi tu. Hakujua kwamba anafungua, alijua analia. Nilipowafikia na farasi usiku wa pili na kumtoa, alinishika shingo akaniambia sikioni, "Ni mimi. Usimwambie mama." Nikaapa. Ungefanya nini? Baba yake amelala maiti hatua mia nne kutoka pale, mama yake anapiga kelele jina langu kwenye theluji. Nikaona, jina langu linatosha, acha libaki hilo hilo.

Nilikosea kitu kimoja. Sikujua utakuwa unamlaani kila sikukuu, huku yeye anamimina chai.

Urkuya


Tokmok, 13 Septemba 1994

Dada Urkuya,

Nimeandika barua nne nikazichoma. Hii naipeleka ilivyo.

Nimekukasirikia kuliko siku zote nilipodhani umemuua mume wangu. Wakati ule nilijua nichukie wapi. Wewe ulijua na ukanyamaza! Miaka mitano nimemlisha mtoto wangu sumu kwa mkono wangu mwenyewe, kila sikukuu, kila mgeni, na wewe uliyekuwa na neno moja la kunizuia ukaliweka kifuani ukajiona shujaa. Nani alikuomba uwe shujaa? Ulipenda. Ulipenda kutemewa mate. Tangu utoto unapenda kuonewa, ili sisi wengine tuonekane wabaya.

Sasa lingine. Hili sijamwambia mtu.

Unauliza kama nilikusikia nyuma ya lori. Nilikusikia. Na theluji ilipoanza, Duyshon alicheka. Unajua alivyokuwa ananiita: mwavuli wangu. Akasema, "Haya mwavuli wangu, fanya kazi." Nikasema hapana. Nikasema ni Urkuya huyu, anataka turudi tukimwomba. Mwache afunge mwenyewe safari hii. Akasema, "Asylkan, mtoto anatetemeka." Nikasema mwache atetemeke, ajue mama mkubwa wake ni nani. Nilimwambia hivyo mtoto akiwa katikati yetu. Dereva alikuwa ameshashuka kutafuta msaada akapotea akarudi. Ilipita saa moja, ikapita ya pili. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Nilikuwa nimeikalia, Urkuya, kama mtoto mwenye kinyongo. Duyshon akaona sifungi, akavaa kofia, akasema basi ataenda yeye hadi kibanda cha watengeneza barabara. Alipochelewa nikajaribu. Nikajaribu nikilia na vidole vimekufa ganzi, na haikufunga. Nimejiambia miaka mitano kwamba isingefunga hata mwanzo.

Nakuja. Usimwambie niliyoandika hapa, nitamwambia mwenyewe. Mwambie tu nakuja.

Asylkan


Kara-Jylga, 6 Oktoba 1994

Asylkan, popote Sadyr atakapokukuta,

Salamu baadaye. Nimemwambia unakuja. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Anakuja kunifanya nini?" Nikasema anakuja kama mama. Jioni viganja vyangu vikawa barafu, na asubuhi Kok-Bel haionekani.

Si kusudi lake. Anakuogopa. Nimemkalisha, nimemsuka, nimemwimbia, Sadyr kamwambia hadithi zake za uongo zote. Inazidi. Sadyr anajua njia ya chini ya mwamba, atakufikishia karatasi hii kwenye kibanda cha watengeneza barabara. Usipande. Na ukitaka kufunga, fikiria kwanza: akihisi mama yake anamfunga kwa nguvu toka mbali, ataona ndiyo laana imefika.

Andika kitu cha kumsomea. Kifupi. Kisiwe na hasira, kama unaweza.

Urkuya


Kibandani, Kok-Bel, 8 Oktoba 1994

Nurzat mwanangu,

Barua hii ni yako, mama mkubwa akikusomea anyamaze pale anapopenda kuongeza yake.

Niko hapa chini na wanaume wanne wa barabara na jiko linalofuka moshi. Theluji imefika dirishani. Wanaume wanasema haijawahi, mimi nakunywa chai tu. Sitaifunga. Uogope, ukasirike, nimekupa sababu za vyote viwili. Nitakaa hapa hadi utakaponitaka, ikiwa ni kesho au mwezi wa nne.

Mikono yako isikauke. Niliyoyasema nayarudisha, mbele ya hawa wanne, na nimewaambia waitikie amina, wakaitikia, ingawa hawajui ni nini.

Juu ya siku ile kuna neno ambalo nitakuambia kwa mdomo wangu. Si lako, ni langu.

Mama


Kara-Jylga, 9 Oktoba 1994, asubuhi

Asylkan,

Alisoma mwenyewe, hakunipa. Akavaa buti za Sadyr. Nikadhani anaenda kwa mtoto wa farasi. Nimetoka sasa hivi, nyayo zinashuka kuelekea kwako. Anakuja kwa miguu, ndani ya theluji yake mwenyewe. Anajua kufungua, kufunga hakuna aliyemfundisha. Sadyr kageuka na farasi na karatasi hii, lakini mtoto ana saa mbili mbele yake kwa njia ya juu.

Usisubiri lolote. Funga.

Urkuya


Tokmok, 2 Novemba 1994

Dada Urkuya,

Nakusalimu, na Sadyr namsalimu mara mbili. Yule farasi wake apewe shayiri, nitalipa kwa godoro.

Nurzat ametoka hospitali. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekatwa, vidogo, anasema hakuwa anavitumia. Ndiyo sababu lori la barabara lilitushusha moja kwa moja huku bila kupanda kwenu. Usinune.

Ulitaka kujua ilikuwaje. Sadyr aliingia kibandani na ndevu za barafu akanipa karatasi. Sikuimaliza. Nilitoka nje, nikanyoosha mikono, nikafunga.

Basi. Nimekaa siku ishirini natafuta namna nyingine ya kuliandika. Sikuhitaji nguvu, Urkuya. Ilikuwa kama kuvuta pazia. Wale wanaume hawakuwahi hata kusimama kutoka kwenye benchi. Jua likatoka juu ya Kok-Bel yote, na nikamwona mwanangu kule juu, karibu na kona ya tatu ya barabara, nukta nyeusi imekaa kwenye weupe, na nikamkimbilia, na njia nzima nilikuwa najua ilivyo rahisi. Ingekuwa rahisi hivyo hivyo siku ile. Kabla Duyshon hajavaa kofia.

Nilimwambia pale pale, nikimsugua miguu. Akaniuliza, "Ungeweza?" Nikasema, "Ningeweza." "Kwa nini hukufunga?" "Nilikuwa na hasira na mama mkubwa wako." Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wewe ulikuwa na mingapi?"

Thelathini na tisa. Nilimjibu. Sikujificha.

Hakuongea nami wiki tatu nzima, wauguzi wote wanajua. Juzi alianza. Alisema chai yangu ni maji ya kuoshea vyombo, akanyanyuka na fimbo yake, akapika mwenyewe, akanimiminia. Akaijaza hadi ikamwagika kwenye sahani, makusudi, akiniangalia machoni. Nikainywa yote, na ya kwenye sahani.

Majira ya machipuko anarudi kwenu, ameshaamua, hakuniomba ruhusa. Anataka kulifungulia bonde mvua ipasavyo, na anasema anahitaji mfungaji asiyekalia mikono yake. Nimemwambia nitakuja. Nitalala kwenye chumba cha baba, si chako, na tutagombana kuanzia siku ya kwanza, maana wewe hujaniambia hata mara moja kwamba ulikosea kwa kunyamaza, na mimi sijakusamehe.

Andaa malisho.

Asylkan